Ramani hii ya bahari ya Kihispania ilitoka wapi? Ulinganisho wa njia nne za kufuatilia asili yake

Ukiletewa ramani ya zamani ya bahari, iliyochorwa kwa mkono huko Uhispania au kwa ajili ya Uhispania, swali la kwanza ni fupi: hii ilitoka wapi? Ni fupi kwa kulitamka tu, kwa maana ndani yake mna maswali manne. Nani aliichora, na katika mji gani? Lini? Pwani, visiwa na majina yaliyomo, mchoraji aliyapata kwa nani? Na ngozi au karatasi yenyewe ilipita mikononi mwa nani hadi ikafika ilipo leo?

Wengi hukwama kwa sababu wameshika njia inayojibu swali moja huku moyo wao uko kwenye jingine. Mtu anahangaika miezi na wamiliki wa karne ya 19, kumbe anachotaka kujua ni baharia gani aliyeiona ile rasi mwanzo. Ndiyo maana nazilinganisha hapa njia nne zinazotumika zaidi, ili uchague pa kuanzia.

Vipimo

Kila njia naipima kwa mambo manne: inajibu swali lipi, inakutaka uwe na nini, inaweza kukupoteza wapi, na inamfaa nani. Ili mizani iwe moja, nitaipitisha ramani moja katika njia zote: ile ya Juan de la Cosa, baharia wa safari za Columbus, iliyoko Museo Naval, Madrid. Imechorwa juu ya ngozi yenye upana wa takriban mita 1.8. Upande wa magharibi kabisa, chini ya picha ya Mtakatifu Christopher akimvusha mtoto Yesu majini, pameandikwa kwamba Juan de la Cosa aliifanya Puerto de Santa María mwaka 1500. Hutajwa kuwa ya kale kuliko zote zilizobaki zinazoonyesha Amerika. Jina lipo, mji upo, mwaka upo. Mtu angedhani kazi imekwisha.

Njia ya kwanza: kuisoma ramani yenyewe

Inajibu vizuri swali la karakana na swali la chanzo cha habari. Ramani za bahari za wakati ule zina desturi zake. Majina ya bandari huandikwa upande wa nchi kavu, yakisimama wima dhidi ya ufuo, ili bahari ibaki wazi kwa mistari ya pepo, yaani mistari iliyonyooka inayoonyesha mielekeo ya upepo na dira. Bandari muhimu huandikwa kwa wino mwekundu, zilizobaki kwa mweusi. Mistari ya pepo kuu nane huwa nyeusi au kahawia, nusu-pepo kijani, robo-pepo nyekundu. Hayo ni ya wote, Waitalia kwa Wakatalani, kwa hiyo hayakuambii mengi. Kinachoambia ni mapambo na lugha.

Chukua kazi za Mallorca, kisiwa ambako Angelino Dulcert alitia saini yake Agosti 1339, na ambako panahusishwa na Atlasi ya Kikatalani ya 1375, kazi inayodhaniwa kuwa ya Abraham Cresques. Huko milima ya Atlas, ya Afrika Kaskazini, huchorwa kama mguu wa ndege au kuti la mtende. Bahari ya Shamu hupakwa wekundu, na mara nyingi huachwa pengo dogo mahali Musa alipovuka na watu wake. Mto Tajo huizunguka Toledo kama kichwa cha bakora. Kisiwa cha Tenerife kina doa jeupe katikati, na Mallorca yenyewe imepakwa milia ya dhahabu na nyekundu, bendera ya wafalme wa Aragon. Alama moja haitoshi, maana Waitalia nao waliiga. Ukizikuta nne au tano pamoja kwenye ngozi moja, umeshasogea karibu sana na Mallorca hata kama saini haipo.

Halafu lugha. Mkatalani huandika *cap* na *illa*. Mkastilia, yaani msemaji wa Kihispania, *cabo* na *isla*. Mreno *cabo* na *ilha*. Ile rasi ya kusini mwa Afrika ikiandikwa *Boa Esperança*, kalamu ni ya Mreno; ikiandikwa *Buena Esperanza*, ni ya Mhispania. Lugha mbili zikichanganyika kwenye pwani moja, ama Mhispania alinakili kwa Mreno, ama Mreno alikuwa kwenye ajira ya Uhispania. Diogo Ribeiro alikuwa hivyo hasa: Mreno aliyehamia Sevilla, jina lake likageuka Diego Ribero, akachora ramani kubwa za dunia za 1527 na 1529 akiwa mwanakosmografia wa mfalme, yaani mtaalamu wake wa ramani na vipimo vya dunia.

Hapa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna la kusema. Kilwa kwa kalamu za Wareno ikawa Quiloa, Malindi ikawa Melinde, Mombasa ikawa Mombaça. Majina hayo hayakufika Sevilla kwa meli za Uhispania. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na tangu hapo pwani yetu ikaingia ramani za Lisbon, kisha ikavuka mpaka. Ukiyaona majina hayo kwenye ramani ya Kihispania ya miaka ya 1520, umeshika uzi wa Kireno. Binafsi huwa nayasoma kwa sauti, jina baada ya jina kutoka Sofala kupanda juu, maana sikio hukamata kosa la mnakili ambalo jicho limelipita.

Unahitaji nini? Picha nzuri, kioo cha kukuzia, na orodha ya majina unayoijenga mwenyewe kwa kulinganisha ramani moja na nyingine. Picha za hali ya juu zipo bure. Atlasi ya Kikatalani, kwa mfano, iko kwenye Gallica, tovuti ya maktaba ya taifa ya Ufaransa. Katika njia zote nne hii ndiyo unayoweza kuianza leo usiku ukiwa nyumbani.

Inapoweza kukupoteza ni kwenye nakala. Julai 1681 haramia Mwingereza Bartholomew Sharp aliiteka meli ya *Santo Rosario* kwenye Bahari ya Pasifiki, na ndani yake akapata kitabu cha ramani na maelezo ya pwani yote ya magharibi ya Amerika, siri ambayo Wahispania waliilinda kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata Sharp alishtakiwa London kwa uharamia, akaachiwa. Mchora ramani William Hack alikinakili kitabu hicho, si mara moja bali mara nyingi, kwa rangi za kupendeza. Ukiiangalia nakala ya Hack, habari ni za marubani wa Kihispania wa Peru na Panama, lakini mkono, rangi na karatasi ni vya London. Asili yake ni wapi basi? Ni kote kuwili, na anayesoma majina peke yake ataitaja Amerika tu.

Sasa de la Cosa. Ramani yake inaionyesha Cuba kama kisiwa. Juni 1494 Columbus aliwaapisha mabaharia wake, de la Cosa akiwa mmoja wao, kwamba Cuba ni bara. Na Sebastián de Ocampo aliizunguka yote mwaka 1508. Kwa hiyo wapo wanaosema ramani, au sehemu yake, ni ya baada ya 1500. Wengine wanajibu kwamba wenyeji walikuwa wamekwisha sema ni kisiwa, na mchoraji aliwaamini. Mimi naona jibu hili la pili lina uzito zaidi, kwa sababu kiapo cha kulazimishwa hufunga ulimi wa mtu, hakifungi kalamu yake. Lakini mchoro peke yake hauwezi kukata shauri hilo.

Inamfaa msomaji aliye mbali na makumbusho, mwalimu, na yeyote anayependa majina ya mahali.

Njia ya pili: kupima ngozi, karatasi, wino na rangi

Inajibu swali la lini, na zaidi inakuambia lini *haiwezi* kuwa. Karatasi ya zamani ilichotwa kwa chekeche la waya. Ukiiinua kwenye mwanga utaona mistari ya waya na mara nyingi alama ya maji ya kiwanda: mkono, chungu, msalaba. Alama hizo zimekusanywa katika orodha kubwa, kwa hiyo karatasi inaweza kupewa miaka yake kwa ukaribu. Karatasi isiyo na mistari hiyo ilianza kutengenezwa Ulaya miaka ya 1750. Ramani "ya 1580" iliyo juu yake ni nakala au ni ya kughushi. Rangi ya buluu ya Prussia ilizaliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ikionekana kwenye ngozi inayodai kuwa ya mwaka 1500, ama mtu aliirudishia rangi baadaye, ama pana jambo baya zaidi.

Alama ya maji unaweza kuitazama mwenyewe kwa taa bapa. Mengine yote ni kazi ya maabara: miale ya eksirei ya kutambua madini ndani ya wino, au kupima kaboni ya ngozi. Inataka ruhusa ya mwenye ramani, na mwenye ramani ana haki ya kukataa kumegewa hata kipande cha ukucha.

Inapopoteza, inapoteza vibaya. Mfano unaojulikana si wa Kihispania, ila kila mfuatiliaji anapaswa kuujua: ile iitwayo Ramani ya Vinland, ya Chuo Kikuu cha Yale, iliyodaiwa kuonyesha Amerika kabla ya Columbus. Ngozi yake ilipimwa ikaonekana ni ya karne ya 15 kweli. Wino wake ukakutwa na titani ya aina iliyoanza kutengenezwa viwandani karne ya 20, na mwaka 2021 Yale yenyewe ikatangaza kwamba ramani hiyo ni ya kughushi. Ngozi ya kale hupatikana. Hung'olewa kutoka vitabu vya kale. Umri wa ngozi si umri wa mchoro. Kwa ramani ya de la Cosa, maabara inaweza kusema kama wino wa Cuba ni sawa na wino wa Uhispania, lakini haitakuambia nani alimwambia mchoraji kwamba Cuba ni kisiwa.

Inamfaa mwenye ramani mkononi, mtunza makumbusho, na mnunuzi aliye kwenye shaka.

Njia ya tatu: kuzifuata nyaraka

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, nalisema wazi ili msomaji anipunguzie nikizidisha. Inajibu swali la nani, na mara nyingine inajibu la habari zilitoka kwa nani kwa undani ambao njia nyingine hazigusi.

Mwaka 1503 ufalme ulifungua Sevilla ofisi ya kusimamia safari na biashara ya ng'ambo, Casa de Contratación. Mwaka 1508 ikapata rubani mkuu, wa kwanza akiwa Amerigo Vespucci, na ikaamriwa itengenezwe ramani-mama, *Padrón Real*, ambayo marubani wote wangetolea nakala na ambayo ingesahihishwa kila meli ikirudi na habari mpya. Ramani-mama hiyo haikubaki hata moja. Zilizobaki ni watoto na wajukuu wake. Kilichobaki kwa wingi ni karatasi: mikataba, malipo, viapo na kesi. Sehemu kubwa iko Archivo General de Indias, Sevilla, iliyoanzishwa mwaka 1785, na nyingi zinasomeka bure kwenye PARES, tovuti ya hifadhi za nyaraka za Uhispania.

Tazama nyaraka zinavyoweza kusema. Kabla ya Magellan kung'oa nanga mwaka 1519, Sebastião Álvares, wakala wa mfalme wa Ureno mjini Sevilla, alimwandikia bwana wake barua ya tarehe 18 Julai akieleza alichokiona. Anasema dunia ya mviringo na ramani vilianzwa na mwana wa Reinel, mchora ramani Mreno, visiwa vya Maluku (vilivyo Indonesia ya leo) vilikuwa havijawekwa, na Reinel baba alipokuja kumchukua mwanawe ndiye aliyemalizia na kuviweka. Na kwamba kwa mfano huo ndipo Diogo Ribeiro anapotolea ramani zote. Fikiria: jasusi mmoja, aya moja, na tunapata mchoraji wa kwanza, mkono wa pili, kipande kilichoongezwa, na mnakili. Hakuna maabara itakayokupa hayo. Hesabu za safari hiyohiyo nazo zinaonyesha malipo kwa Nuño García de Toreno kwa ngozi na ramani.

Kesi pia ni hazina. Miaka ya 1540 wanakosmografia wa Sevilla walishtakiana juu ya ramani za Diego Gutiérrez, zilizokuwa na vipimo viwili vya latitudo kwenye ramani moja ili kuzipatanisha na upotofu wa dira. Watu waliokasirika hueleza kila kitu: nani anachora, nani anauza, nani anakwepa ramani-mama.

Unahitaji Kihispania, na zaidi ya hapo unahitaji kujifunza kusoma mwandiko wa karne ya 16. Mwandiko wa makarani wa mahakama, *procesal*, huunganisha neno na neno bila kuinua kalamu, na kwa wiki za kwanza utaona mawimbi matupu. Usikate tamaa, anza na hati iliyokwisha nakiliwa na mtaalamu, ukiifuata mstari kwa mstari.

Na jihadhari na jambo moja. Ramani nyingi za Sevilla zilitolewa ndani ya mafurushi ya barua zilimokuwa, zikawekwa peke yake kwenye sehemu ya *Mapas y Planos*. Ni vizuri kwa usalama wake, lakini ramani iliyotengwa na barua yake ni kama mtoto aliyetenganishwa na wazazi. Usiishie kwenye picha. Tafuta namba ya furushi la asili, ukaisome barua iliyokuja nayo, maana mara nyingi humo ndimo lilimo jina la aliyeituma na sababu ya kuchorwa.

Njia hii hukupoteza pale unapoilazimisha hati na ramani vioane. Hati inasema fulani alichora ramani. Wewe una ramani isiyo na saini. Kishawishi cha kuviunganisha ni kikubwa mno. Kwa de la Cosa, nyaraka zinamthibitisha kuwa baharia na mchora ramani wa safari za Columbus. Hazishuki hadi kwenye ngozi ile ya Madrid na kusema: ni hii.

Inamfaa mwanafunzi wa historia mwenye muda, na anayemfuatilia mchoraji zaidi ya ramani.

Njia ya nne: kuwafuata wamiliki

Hapa unarudi nyuma kutoka leo: namba ya maktaba, muhuri, orodha ya mnada, wosia, mwandiko wa nyuma ya ngozi. Inajibu swali la nne, na kwa bahati njema wakati mwingine linafungua la kwanza.

Ramani mbili nzuri za Sevilla za miaka ya 1520 ziko Italia, moja Modena na moja Firenze. Zilifikaje? Mfalme Charles V aliwazawadia wajumbe wa Papa, Baldassare Castiglione na Kardinali Salviati, na ndiyo maana zinaitwa kwa majina yao. Ukijua ilikuwa zawadi ya kifalme, unajua pia kwamba haikuchorwa kwa ajili ya rubani melini, na mapambo yake unayasoma kwa jicho jingine.

Ramani ya Gabriel de Vallseca, Mallorca 1439, ina nyuma yake maandishi kwamba Amerigo Vespucci aliilipia dukati za dhahabu. Baadaye ikawa mali ya nyumba ya Count wa Montenegro mjini Palma. Majira ya baridi ya 1838–39 mwandishi Mfaransa George Sand alikuwa kisiwani, na ndiye aliyesimulia msiba: ngozi ilikunjuliwa ili mgeni aione, kasisi wa nyumba akaweka kidau cha wino pembeni kuizuia isijikunje, ngozi ikajikunja hata hivyo na wino ukamwagika. Sehemu ya majina ikaharibika, yakiwamo maneno yanayoeleza rubani gani wa Ureno aliyevigundua visiwa vya Azores. Jina lake la pili limesomwa kwa namna tofauti tangu hapo. Ramani hiyo iko leo Barcelona, na doa lipo.

Unahitaji orodha za minada, Kifaransa na Kiitaliano kidogo, na ujasiri wa kuwaandikia watunza maktaba. Wengi hujibu kwa ukarimu. Hatari ni pengo. Ya de la Cosa inajulikana tangu 1832, mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alipoitambua thamani yake Paris katika maktaba ya Baron Walckenaer. Walckenaer alipofariki ikapigwa mnada, na mwaka 1853 Uhispania ikainunua. Nyuma ya Paris mnyororo umekatika. Wasimulizi hupenda kuziba pengo kama hilo kwa hadithi, liache wazi.

Inamfaa mnunuzi, mtunza makumbusho, na wenye mali ya urithi.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Kama una picha ya mtandaoni tu, anza na majina. Chagua kipande kifupi cha pwani unachokijua, tuseme majina 20, uyalinganishe na ramani tatu zenye saini na mwaka. Kwa wiki mbili utakuwa na dhana ya kupimwa.

Kama umeuziwa au unataka kununua, geuza utaratibu: wamiliki kwanza, taa ya karatasi pili, majina mwisho. Muuzaji asiyeweza kueleza ramani ilikuwa wapi miaka 50 iliyopita, mwache nayo.

Kama ni tasnifu, usiogope nyaraka, ila jipe muhula mzima wa kujifunza mwandiko kabla hujaahidi matokeo. Kama ni kwa ajili ya onyesho la makumbusho, wamiliki na maabara vikienda pamoja vitakutosha, na lebo ukutani iseme wazi kipi ni saini na kipi ni makisio.

Na kama unachotafuta ni jinsi Kilwa, Mombasa na Malindi zilivyoingia kwenye ramani za Sevilla, anza na majina kisha uende Lisbon kabla ya Sevilla. Huko Torre do Tombo, hifadhi ya taifa ya nyaraka, bado ina barua, ile ya Álvares ikiwamo. Nyaraka za Casa da Índia, ofisi iliyoshika ramani-mama ya Wareno, ziliangamia katika tetemeko la 1 Novemba 1755. Kwa hiyo shahidi wako mkubwa atakuwa ramani iliyotoroshwa: ile ya 1502 ambayo Alberto Cantino aliipata kwa siri Lisbon kwa ajili ya Duke wa Ferrara, iliyoko Modena, na pwani yetu imo.